A Niliyoipata Bila Kumaliza Kitabu

Desemba iliyopita, nikiwa likizo nyumbani Kayanga, rafiki yangu anayefundisha Kiswahili kidato cha tano na cha sita aliniambia jambo lililonifanya niache chai yangu ipoe. Tulikuwa tumekaa kwenye kibaraza cha mgahawa karibu na stendi. Mvua ya Karagwe ilikuwa inanyesha ile ya kutokuwa na haraka, na mezani palikuwa na kahawa za kutafuna, ambazo yeye alizitafuna na mimi nikajifanya bado nimezizoea.

"Shule zikifunguliwa," alisema, "*Vuta N'kuvute* siifundishi tena kwa kitabu. Nina filamu yake kwenye flashi. Nitawaonyesha."

Sikumuuliza flashi hiyo kaijaza wapi. Nilikuwa na hasira kubwa zaidi ya hiyo. Nilimpa mhadhara wote ninaoujua. Nilimwambia filamu si riwaya. Nilimwambia msomaji hujenga sura ya Yasmin kichwani mwake, ilhali mtazamaji huletewa sura iliyokwisha kujengwa. Nilimwambia anawafunza watoto uvivu, kwamba lugha ya Adam Shafi haiwezi kuingia kwenye dakika tisini, kwamba taifa lisilosoma litatawaliwa na wanaosoma. Hilo la mwisho nadhani nililisikia kwenye semina.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Walimu wana subira hiyo. Kisha akauliza, "Haya, msomi wetu. Wewe uliisoma lini?"

Nianze hapo, maana makala hii isipoanza na aibu yangu itakuwa ya uongo. Nilipata A ya Kiswahili kidato cha sita. Nilifanya mchepuo wa HKL, na kati ya riwaya tulizopaswa kuzisoma *Vuta N'kuvute* ilikuwamo, pamoja na *Kufikirika* ya Shaaban Robert, *Mfadhili* ya Hussein Tuwa na *Usiku Utakapokwisha* ya Mbunda Msokile. Darasani tulikuwa zaidi ya sitini. Nakala za *Vuta N'kuvute* zilikuwa tatu, moja haina jalada na imeanza kuliwa kuanzia mbele, kiasi kwamba aliyeisoma hakupata kujua Yasmin aliozwaje. Mwalimu wetu, mtu mwema aliyekuwa na vipindi vingi kuliko saa za siku, alifanya alichoweza: aliingia na daftari lake lililochoka na kutusomea, nasi tukaandika. Dhamira: ukombozi, mapenzi, nafasi ya mwanamke, matabaka. Wahusika: Yasmin, kijana wa Kihindi aliyeozwa mzee, Denge, mwanamapinduzi, Mwajuma, rafiki wa kweli. Falsafa ya mwandishi. Ujumbe. Kufaulu kwa mwandishi. Kutofaulu kwa mwandishi. Hoja tatu kwa kila riwaya, mfano mmoja kwa kila hoja.

Nilikariri. Niliandika. Nikapewa A. Nilikuwa nimesoma kurasa kama arobaini za kitabu chenyewe, tena usiku mmoja kwa kugombea zamu.

Niliimaliza riwaya hiyo nikiwa mwaka wa pili wa shahada ya kwanza, nimelala kitandani bwenini, bumu limeisha na sina pa kwenda. Kilichonishtua zaidi ya vyote ni kwamba kitabu kinachekesha. Hakuna notisi iliyowahi kuniambia hivyo. Hakuna aliyeniambia kuwa ni kitabu cha watu wanaotembea mitaani usiku, wanaolala vyumba vya kuazima, wanaokopa, wanaokula leo na kesho hawajui. Kwamba siasa yake inapita kwenye kanga, kwenye mlango unaogongwa kwa namna fulani, kwenye gazeti lililopigwa marufuku na kufichwa. Hakuna aliyeniambia kuwa Denge, huyu "mwanamapinduzi" wa hoja yangu ya kwanza, kuna mahali anaudhi, kwamba mwanamke anayempenda ana haki ya kumchoka. Nilikuwa nimejibu mtihani juu ya watu nisiowajua.

Sasa, hapa ndipo hoja yangu ilipo, na wale wanaopenda kusema "kitabu ni bora kuliko filamu" naomba wanisikilize kabla hawajaitikia kwa kichwa.

Uchambuzi ni filamu. Ni filamu mbaya kuliko zote zilizowahi kutengenezwa kutokana na riwaya ya Kiswahili. Kijitabu kile chembamba kinachouzwa kila stesheneri, ambacho Kayanga unakipata pembeni ya kalamu na madaftari wakati riwaya yenyewe huipati, kimechukua kazi ya mtu ya miaka, kikaondoa sauti, kikaondoa kicheko, kikaondoa usiku, kikaacha vidokezo. Hakina picha wala muziki. Na hakuna mhadhiri niliyewahi kumsikia akililia taifa kwa ajili yake. Tunapolalamika kwamba vijana wanaacha riwaya na kukimbilia sinema, tunasahau kuwa vijana wengi hawakuwahi kuwa na riwaya ya kuiacha. Walikuwa na vidokezo. Anayetoka kwenye vidokezo akaenda kwenye sinema amepanda daraja, hajashuka.

Rafiki yangu alikuwa na nakala nne kwa wanafunzi themanini na kitu. Mimi nilikuwa namtetea mhusika ambaye hayupo darasani: kitabu.

Lakini sijamaliza, na sitaki yeyote afikiri nimeingia upande wa flashi.

Filamu hiyo niliiona Dar es Salaam, kwenye ukumbi wenye viti vya kuegemea na bisi za bei ya mlo. Ni kazi ya Amil Shivji. Ilionyeshwa kwa mara ya kwanza kwenye tamasha la Toronto mwaka 2021, na baadaye Tanzania ikaipeleka kuwania Oscar, mara ya kwanza nchi yetu kupeleka filamu huko tangu *Maangamizi* ya 2001. Riwaya ilitoka Mkuki na Nyota mwaka 1999. Ilichukua zaidi ya miaka ishirini mtu kuichukua hadithi iliyosomwa, au tuseme iliyokaririwa, na maelfu ya wanafunzi, na kuiweka kwenye pazia. Hilo peke yake lingetosha kutuaibisha sote tunaojiita wapenzi wa fasihi.

Ni filamu nzuri. Nasema hivyo kwa uzito wake. Nilitoka Kagera, mtu wa milima na migomba. Bahari niliiona kwa mara ya kwanza nilipokwenda chuo. Zanzibar ya miaka ya 1950 ilikuwa kwangu maneno tu. Kwenye filamu nilisikia Kiswahili cha Unguja kikisemwa na watu ambao hawakukisema kwa ajili yangu, wanaongea wao kwa wao, na mimi nikilazimika kuwafuata. Nilisikia taarab ndani ya chumba chenye joto na watu. Mwajuma, aliyekuwa kwenye daftari langu "rafiki wa kweli", ameigizwa na Siti Amina, ambaye ni mwimbaji, na anapoimba unaelewa kwa nini msichana aliyekimbia ndoa angekimbilia kwake. Hilo kitabu kimelisema. Filamu imenifanya nilisikie. Namkubali mtu yeyote aliyetoka ukumbini akiwa na machozi.

Nisichokubali ni sentensi niliyoisikia kwenye ngazi tukitoka. Kijana mmoja alimwambia mwenzake: "Basi, imeisha hiyo. Kitabu cha nini tena?"

Kitabu ni cha Yasmin aliyebaki. Filamu imemchukua Yasmin na Denge, ikawatengenezea mapenzi yao mahali pa kung'aa, na ina haki ya kufanya hivyo kwani saa moja na nusu ni saa moja na nusu. Lakini kwa Adam Shafi maisha ya msichana yule hayakuishia kwenye mapenzi. Yanaendelea kwa kurasa na kurasa: kuondoka na kurudi, miji mingine, mwanamume mwingine, hesabu za mtu anayetaka kuishi tu wakati mpenzi wake yuko mikononi mwa dola. Mapenzi makubwa yanapita, na mwanamke anabaki na maisha ya kuyapanga. Na kuna kungoja. Shafi ni mtu aliyewahi kufungwa, baada ya Karume kuuawa mwaka 1972, na baadaye akaandika *Haini*; anajua kwamba jela ni muda kabla ya kuwa ukuta. Riwaya ina uwezo wa kukuchosha kwa makusudi ili ujue kungoja kulivyo. Filamu ikikuchosha, unatoa simu.

Kwa hiyo ninapomwambia mtu "soma", sisemi kwa sababu kitabu kina heshima zaidi. Heshima hiyo ni ya bandia; nimeiona ikivaliwa na watu ambao, kama mimi, walipata A. Nasema soma kwa sababu kila filamu iliyotokana na riwaya imeacha mtu nje, na mtazamaji hawezi kujua ni nani aliyeachwa. Hili sikulijifunza darasani. Nilijifunza nyumbani, na mwalimu alikuwa mama yangu.

Mama hakuzaliwa Karagwe, aliolewa huku. Alizaliwa ng'ambo ya mto Kagera, upande wa kaskazini ambao sasa ni Missenyi, na mwaka 1978 alikuwa na umri wa miaka kumi. Msomaji wa Kagera hahitaji nimalizie. Kwa wengine: mwishoni mwa Oktoba mwaka huo majeshi ya Idi Amin yalivuka mpaka, yakaiteka ardhi yote iliyo kaskazini ya mto, Amin akatangaza kuwa ni ya Uganda, na daraja la Kyaka likalipuliwa. Watu walikimbilia kusini na walichoweza kubeba. Ng'ombe walichukuliwa, kiwanda cha sukari kikaporwa. Vita viliendelea, na Kampala ikaanguka tarehe 11 Aprili 1979. Mama hakuwahi kuzungumza nasi habari hizo zaidi ya sentensi mbili tatu, na sentensi hizo zilikuwa zilezile kila mara, kama notisi.

Huku kwetu muvi nyingi zilitufikia kutoka Uganda, kupitia Mutukula au Murongo, zikiwa zimetafsiriwa kwa Kiganda. Kiganda tunakisikia, ukikulia Karagwe au Kyerwa hukwepi. Anayetafsiri, VJ, haishii kwenye maneno ya wahusika. Anaongeza yake, anamcheka mzungu, anamtukana adui, anawasalimia wateja wake. Upande wetu naye alikuwepo Lufufu, yaani Derek Gaspar Mukandala, aliyekuwa akizisimulia kwa Kiswahili filamu za kigeni, na watu walikuwa wakitafuta kanda kwa sauti yake kuliko kwa jina la mwigizaji. Wasomi waliwacheka watu hawa kwa miaka mingi kabla ya kuanza kuwaandikia makala. Mimi naona walikuwa wanafanya jambo ambalo kwetu ni la kale. Mpiga nanga alipokaa na kusimulia habari za mashujaa wa Wahaya hakuwa anasoma maandishi. Alikuwa anaipitisha hadithi kwenye koo lake na kwenye kikao kilichokuwa mbele yake. Mzee Mulokozi aliandika tasnifu yake ya uzamivu kuhusu tenzi hizo, na mtu akiisoma kisha akaingia kibanda umiza chenye muvi ya kutafsiriwa, atashangaa jinsi mambo yanavyofanana.

Narudi kwa mama. Nikiwa sekondari, kaka yangu alileta *The Last King of Scotland*, imetafsiriwa kwa Kiganda. Tuliiangalia sebuleni, mama akiwa amekaa kwenye mkeka, nusu anaangalia, nusu anachambua maharage. Forest Whitaker, aliyepata Oscar kwa nafasi ile, alipoingia kwa mara ya kwanza mama aliacha maharage. Hakusema kitu. Aliangalia hadi mwisho bila kuinuka, na kwa mama yangu hilo ni ajabu.

Filamu inaishia Entebbe, mwaka 1976. Daktari kijana wa Kiskoti, ambaye ni mtu wa kubuni, anapanda ndege na kuondoka. Kisha yanakuja maandishi machache kwenye pazia, pamoja na habari ya mwaka 1979 Amin alipoangushwa. VJ hakuyatafsiri, alikuwa ameshaanza kutangaza muvi inayofuata.

Mama aliuliza, "Imekwisha?"

Tukamwambia imekwisha.

"Na vita?"

Kaka akamwambia hii si muvi ya vita, mama, ni muvi ya Amin. Mama alirudi kwenye maharage yake. Baadaye sana, tukiwa tumeshazima, alisema peke yake, kwa sauti ya kawaida kabisa: "Kumbe hatukuwepo."

Sentensi hiyo nilikaa nayo miaka. Nilipokuwa Dar es Salaam nilikuta riwaya yenyewe kwa muuza vitabu vya mtumba. Giles Foden, 1998. Niliinunua kwa sababu ya mama, nikidhani nitakuta kilekile. Sikukuta kilekile. Riwaya haiishii Entebbe. Inaendelea hadi kwenye vita, hadi majeshi ya Tanzania yanaingia Uganda na utawala unaanguka. Sisi tulikuwepo. Tulikuwepo kwenye kitabu, kisha mahali fulani kati ya kitabu na filamu mtu akaamua kwamba hadithi iishie kabla ya kufika kwetu. Sidhani alikuwa na nia mbaya. Naweza kuwaza alivyofikiri: filamu imekuwa ndefu, Entebbe inajulikana dunia nzima, ndege inapaa, ni mwisho mzuri. Lakini maelfu kwa maelfu ya watu duniani wanamjua Amin kutokana na filamu ile, na kwao Kagera haipo. Kitabu kipo dukani kwa yeyote atakaye. Nani atakaye, ikiwa "imeisha hiyo"?

Hapo wapenzi wa kitabu watapiga makofi. Wasubiri kidogo, kwa sababu kitabu nacho hakikumfikia mama yangu. Kimeandikwa kwa Kiingereza. Mama alimaliza darasa la saba, na Kiingereza chake ni kile cha makopo ya dawa. Filamu ilimwacha nje, lakini iliingia sebuleni kwake kwa lugha anayoisikia. Kitabu kilimweka ndani, kikabaki Dar es Salaam. Ukiniuliza kipi kilimtendea haki, nitakujibu hakuna.

Ndiyo maana namheshimu sana Sembène Ousmane wa Senegal, aliyekuwa kuli bandarini Marseille kabla ya kuwa mwandishi. Alikuwa tayari ana jina kwa riwaya zake, kisha akakubali jambo ambalo waandishi wengi hawalikubali: watu aliowaandikia hawawezi kumsoma. Akaenda Moscow kujifunza sinema akiwa mtu mzima, akarudi na kutengeneza filamu kutokana na kazi zake mwenyewe, *Mandabi* mwaka 1968 kwa Kiwolofu, *Xala* katikati ya miaka ya sabini. Sinema aliiita shule ya jioni. Hakuacha kuandika. Hakuna aliyemwuliza kipi ni bora, na kama yupo aliyemwuliza, natumaini alimkodolea macho.

Sisi hatuna Sembène Kayanga. Tuna mimi na simu yenye tochi. Likizo hiyohiyo ya Desemba, siku chache baada ya ugomvi wa kwenye mgahawa, nilikitoa kitabu cha Foden kwenye begi na kuingia jikoni. Mama alikuwa anamenya ndizi. Nilimwambia nataka kumsomea kitu. Nilianzia kwenye kurasa za vita, sikumpitisha mwanzo wote, nikawa nasoma kimoyomoyo sentensi mbili, kisha namwambia kwa Kiswahili, na Kiswahili kikinishinda nachanganya na Kihaya.

Ilichukua jioni kumi na moja. Si kwa sababu kurasa ni nyingi. Ni kwa sababu mama alinikatiza. Nikisema jeshi limepita mahali fulani, ananisimamisha na kuuliza walipita upande gani. Kuhusu yule daktari alisema, "Huyu mzungu yuko kila mahali," na kweli yuko kila mahali, huo ni ugonjwa wa riwaya yenyewe. Amin anatazamwa kupitia macho ya mgeni mwanzo hadi mwisho. Kuna jioni alikibishia kitabu moja kwa moja: "Mwambie aliyeandika haikuwa hivyo." Nikamwambia mama, ni hadithi ya kubuni. Akasema basi angebuni vizuri.

Na katikati ya kukatiza ndipo yakatoka. Sufuria ya maharage iliyoachwa motoni kwa sababu bibi alisema tunarudi jioni. Ng'ombe wa babu, majina yao, mmoja baada ya mwingine. Kuvuka mto kabla daraja halijaenda. Mdogo wake aliyebebwa mgongoni na mtu ambaye hadi leo hawamjui. Nina umri wa miaka ishirini na sita, na sikuwa najua kwamba mama yangu anakumbuka majina ya ng'ombe.

Muvi isingeweza kufanya hivyo? Najiuliza kwa haki. Pale sebuleni tungeweza kuisimamisha, tukamwuliza mama. Hatukuisimamisha. Muvi inakwenda, nawe unakwenda nayo. Huo ndio utamu wake. Kitabu kinakaa pale kilipo hadi umalize kumenya ndizi.

Nilirudi kwa rafiki yangu mwalimu nikiwa sina hasira tena, ila nina masharti. Nilimwambia aonyeshe filamu. Aionyeshe yote, kwa wote themanini na kitu, kabla ya notisi yoyote, na asiwape uchambuzi wala kidokezo hadi wiki mbili zipite. Kisha achague sura tatu za kitabu ambazo hazimo kabisa kwenye filamu na azisome darasani kwa sauti, au awape wanafunzi wenye midomo mizuri wazisome, na waliobaki waruhusiwe kukatiza. Aliniuliza mtihani utajibiwa na nani wakati sisi tunasimuliana hadithi. Ni swali halali. Wakaguzi hawaulizi kama kitabu kilichekesha, na mwanafunzi atakayeandika kwamba Denge anaudhi sijui atapewa alama ngapi. Nilimwambia hoja tatu za kila riwaya zitapatikana tu, mimi ni ushahidi kwamba zinapatikana hata bila kitabu.

Aprili alinitumia ujumbe. Jenereta ilikuwa imezima mara mbili katikati ya filamu. Wavulana walipiga miluzi pasipohitajika. Baada ya kuisha, msichana mmoja wa nyuma aliuliza kama Yasmin alirudi kwa yule mzee, na rafiki yangu, kwa ujanja ambao sikumfundisha mimi, akamjibu kwamba yeye anajua lakini hasemi. Nakala nne zilipata orodha ya zamu iliyobandikwa ukutani. Kuna aliyeuza zamu yake kwa chapati.

Nakala yangu mwenyewe, ile ya bwenini, niliwaachia Desemba iwe ya tano. Juzi niliuliza habari zake. Iko Nyaishozi, nikaambiwa, kwa kijana aliyemaliza mtihani wake Mei na kuondoka nayo kwenye sanduku.